Tiketi ni mstari kwenye orodha: kununua kiingilio kwa simu ukiwa Bagamoyo

Mashine ya getini ikilia na kuonyesha rangi nyekundu, maneno yanayotokea huwa mafupi: "haipo" au "imeshatumika". Maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. "Haipo" maana yake ulichonacho hakijawahi kuwa tiketi. Mtu alitengeneza picha yenye vimraba vyeusi na vyeupe akakuuzia. "Imeshatumika" maana yake tiketi ni ya kweli, ila kuna mwenzio ametangulia kuingia nayo.

Tiketi ya mtandaoni ni mstari mmoja kwenye orodha inayotunzwa na mwandaaji, au na kampuni inayomuuzia. Ile picha uliyotumiwa imebeba namba ya mstari huo, basi. Mashine inasoma namba, inaitafuta kwenye orodha, ikiikuta inaiwekea alama na wewe unapita. Ukilishika hilo, utaona kwamba usiulize kama tiketi inapendeza au ina nembo. Uliza nani anatunza orodha, hela yako imeingia kwa nani, na utampata wapi kabla ya siku ya tukio.

Kwa sisi wa Bagamoyo jambo hili lina uzito wake. Tamasha letu la sanaa na utamaduni, linalofanyika kila mwaka TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mtu anakwenda hata kwa mguu, anaona geti, anauliza. Lakini shoo kubwa na mechi kubwa ziko Dar es Salaam, kilomita kama 70, na tamasha la muziki la Sauti za Busara liko Unguja, ambako ni lazima ushuke Dar kwanza ukapande boti. Aliyeuziwa tiketi bandia akiwa Sinza, Dar, anapoteza bei ya tiketi na nauli ya bajaji. Wa Dunda, hapa Bagamoyo, anapoteza bei ya tiketi na nauli ya kwenda, kisha usiku wa manane anajikuta hana daladala la kurudi, anakodi gari au anatafuta pa kulala. Uhakiki wetu ni lazima uishe tukiwa nyumbani, siku kadhaa kabla.

Bango na namba ya chini

Utapeli mwingi wa tiketi unaanzia kwenye status ya WhatsApp. Tapeli hahitaji kubuni tukio. Anachukua bango halisi la tukio halisi, anafuta namba ya malipo iliyo chini, anaandika yake, kisha analirusha kwenye magrupu. Ni ndugu yake yule anayetuma "ile pesa tuma kwenye namba hii": anategemea kwamba ulikuwa tayari unataka kulipa.

Likuze bango kwa vidole viwili uangalie pale penye namba. Mara nyingi herufi za namba hazilingani na herufi nyingine za bango. Zimenenepa kidogo, au zimekaa juu ya kibandiko cha rangi kinachokaribiana na rangi ya nyuma lakini kingo zake zinaonekana. Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaitazami. Bango lililopita grupu kumi mara nyingi lina ukungu, maana WhatsApp hulipunguza ubora kila linapopakiwa upya kama picha. Ukiona sura ya msanii ina ukungu na namba ya kulipia iko kali kama imeandikwa leo asubuhi, kuna mtu amelipitia njiani.

Bango lisilo na dosari bado halitoshi. Litafute kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe na kwenye ukurasa wa ukumbi, uone kama namba ya malipo au anwani ya kununulia ni ileile. Sehemu mbili zisizotegemeana zikikubaliana, una msingi. Kwenye Instagram, bonyeza jina la akaunti ufungue maelezo kuihusu: utaona ilifunguliwa lini na imewahi kubadilishwa jina mara ngapi. Akaunti ya "tiketi" iliyofunguliwa mwezi uliopita, maoni yamefungwa, wafuasi elfu nyingi na kila picha ina likes tatu, achana nayo. Tiki ya bluu isikutie moyo sana. Tangu 2023 kampuni ya Meta inaitoa kwa malipo ya kila mwezi kwa anayeonyesha kitambulisho. Inakuambia huyu ni nani. Haikuambii kama ana ruhusa ya kuuza kiingilio cha mtu.

Njia ya mkato ni kuuliza ukumbi, na hapa wa Bagamoyo tuna bahati. Hoteli zetu za ufukweni na ukumbi wa TaSUBa ni safari ya boda ya dakika chache. Kwa kumbi za Dar, piga simu, ila namba uichukue kwenye tovuti ya ukumbi, usiichukue kwenye bango unalolihakiki. Na namna ya kuuliza ina maana yake. Ukisema "eti ni kweli Jumamosi kuna shoo ya fulani?" utajibiwa "ndiyo" kwa adabu tu. Uliza bila kumpa jibu: "Samahani dada, Jumamosi ya tarehe fulani mna tukio gani, nani mwandaaji, na tiketi zinapatikana wapi?" Anayejua atazitaja zote tatu. Asiyejua utamsikia anavyosita.

Kusoma anwani ya tovuti

Kiungo kinasomwa kutoka kwenye mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, kurudi kushoto. Ukiwa na mfano.co.tz/tiketi, basi mwenye nyumba ni mfano.co.tz. Ukiwa na mfano.co.tz.kitukingine.com/tiketi, mwenye nyumba ni kitukingine.com, na yale maneno ya mbele ameyabandika mlangoni ili uone unachotaka kukiona. Kwenye simu hila hii inafanya kazi vizuri mno, kwa sababu kioo ni kidogo na mwisho wa anwani unakatwa. Ibonyeze ile anwani, iburute mpaka uione yote.

Kile kikufuli ambacho baadhi ya vivinjari hukionyesha kwenye anwani kinathibitisha kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa, wa katikati hawezi kuyasoma. Hakisemi lolote kuhusu tabia ya mwenye tovuti. Cheti chake kinapatikana bure, kwa dakika chache, na matapeli wanacho kama wengine wote.

Mwisho wa anwani una uzito kiasi. Anwani za .go.tz hupewa taasisi za serikali, na .ac.tz ni za vyuo na taasisi za elimu ya juu; mtu wa mtaani hazipati. Anwani ya .co.tz au .com inanunuliwa na yeyote, ila umri wake unaweza kuutazama kwa huduma ya WHOIS, inayoonyesha anwani ilisajiliwa lini, bure. Kampuni inayojitangaza kuwa imeuza matukio kwa miaka mitano huku anwani yake ina wiki sita, hiyo haihitaji mjadala. Ukitafuta Google, matokeo ya juu kabisa yanaweza kuwa tangazo la kulipia lenye neno "imedhaminiwa". Ni sehemu tamu kwa wanaoiga majina. Na mtu akikutumia faili la programu kwa WhatsApp akikwambia ulisakinishe ndipo upate tiketi, futa hapohapo. Programu ya kweli iko kwenye duka la programu la simu yako. Ile ya kutumiwa inaweza kusoma meseji zako zote, zikiwemo za benki.

Dirisha la namba ya siri

Hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu kuliko popote, kwa sababu baada ya hapa hela si yako tena.

Majukwaa mengi ya nchini, yaani tovuti na programu za kuuza tiketi, yanachukua malipo kwa njia moja: unaandika namba ya simu kwenye tovuti, kisha kidirisha kinaruka kwenye simu kikitaka namba ya siri. Kisome chote. Kina kiasi, na kina jina la anayelipwa. Kiasi kiwe sawasawa na jumla uliyoiona kwenye tovuti. Jina liwe la jukwaa au la kampuni inayolikusanyia malipo. Kampuni hizo zipo na ni jambo la kawaida, na jukwaa makini hukwambia mapema kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Kikitokea kidirisha ambacho hukukiomba, kikatae. Kuna mtu ameandika namba yako mahali na anasubiri mazoea ya kidole chako yafanye kazi.

Ukilipa mwenyewe kupitia menyu, iwe *150*00# ya M-Pesa, *150*01# ya Mixx by Yas, *150*60# ya Airtel Money au *150*88# ya HaloPesa, tofautisha kutuma pesa na kulipa. Kutuma pesa kunakwenda kwenye namba ya mtu binafsi, na mwandaaji wa tukio la watu mia tano anayekusanya kwenye namba ya mtu binafsi hana orodha ya kueleweka hata kama si mwizi: atakuwa na daftari, na daftari hupotea. Lipa namba, ile namba ya malipo ya biashara, ni afadhali, kwa sababu jina la biashara linatokea kabla hujathibitisha. Afadhali tu, lakini. Lipa namba inapatikana kwa biashara ndogo yoyote, na ukiona tiketi ya muziki inalipwa kwa jina la duka la vipodozi, simama uulize.

Taasisi ya serikali inapotoza kiingilio, malipo hupita kwenye kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, ile wanayoiita kontrol namba. Ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Anayejiita afisa na kukutaka utume kwenye namba yake kwa kuwa "mfumo uko chini" anakuibia, au anaiibia serikali. Subiri mfumo urudi.

Kosa ambalo halina tapeli ndani yake, na linalowapata wengi, ni kulipa mara mbili. Kidirisha kinachelewa kwa sababu ya mtandao, kinaisha muda, mtu anabonyeza tena, kisha vyote viwili vinakubali. Kabla ya kurudia, angalia salio na meseji ya muamala. Kama hela imetoka na tiketi haijaja, namba ya muamala iliyo kwenye ile meseji ndiyo silaha yako. Wape huduma kwa wateja wa jukwaa, watakutafuta kwa hiyo. Kama hela haijatoka, funga ukurasa, anza upya.

Kosa jingine: kumlipisha wakala au jirani kwa simu yake. Tukio likifutwa, marejesho hurudi kwenye namba iliyolipa. Utakuwa unamdai jirani, na yeye ameshaiona hela kama bahati. Lipa kwa laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako.

Kwa tovuti za nje kadi ndiyo njia, na mitandao ya simu hapa inatoa kadi za mtandaoni zinazofungwa na akaunti yako ya simu. Jaza kiasi cha tiketi na makato yake peke yake. Kadi ina faida ambayo muamala wa simu hauna: benki au mtoaji wa kadi anaweza kupinga malipo kwa niaba yako kama huduma haikutolewa. Kipindi cha kupinga kina ukomo, kwa kawaida siku 120, kwa hiyo hifadhi barua pepe ya uthibitisho na usikae kimya.

Jukwaa zuri linajulikana kwa nini

Muonekano wa tovuti ni kitu rahisi kuiga, siupi maksi. Jukwaa nalipima kwa linavyosema kuhusu siku mbaya. Fungua masharti yao utafute maneno mawili, "kuahirishwa" na "kufutwa". Yasipokuwepo kabisa, umeshapata jibu. Yakiwepo, tazama yametenganishwa au la. Tukio likifutwa, mnunuzi anapaswa kurudishiwa hela. Tukio likiahirishwa, majukwaa mengi yanasema tiketi itatumika tarehe mpya. Kwa mtu wa Bagamoyo aliyekwisha kuomba ruhusa kazini na kulipia chumba, tarehe mpya inaweza isimfae, kwa hiyo tafuta sentensi inayompa haki ya kudai marejesho na ndani ya siku ngapi. Tafuta pia kama ada ya huduma inarudi. Mara nyingi hairudi. Sioni kosa katika hilo iwapo limeandikwa mahali panapoonekana. Nakasirika likiwa limefichwa.

Bei ioneshwe kamili tangu mwanzo. Tuseme tiketi ni shilingi 20,000, ukifika mwisho ni 22,300 kwa sababu ya ada ya huduma na makato. Fedha si nyingi, ila jukwaa limekuburuta hatua nne ndipo likakwambia ukweli. Marekani hali hii ilikera watu kiasi kwamba tangu Mei 12, 2025 kanuni ya tume yao ya biashara inawataka wauzaji wa tiketi za maonyesho watangaze bei yenye ada zote za lazima tangu mwanzo. Huku kwetu unaweza kufanya jaribio hilo mwenyewe: nenda mpaka ukurasa wa mwisho, usilipe, soma jumla, kisha rudi.

Halafu wapigie simu kabla hujanunua. Jukwaa lisilopokea simu Jumanne saa nne asubuhi halitapokea Jumamosi saa tatu usiku wewe ukiwa getini. Uliza swali lenye jibu mahususi, kwa mfano "nikibadilisha laini ya simu, nitaipataje tiketi yangu?" Kwa wanaotunza orodha vizuri hilo ni swali dogo, wanatafuta kwa jina au namba ya muamala. Wasio na orodha watazunguka.

Kampuni iwe na jina la usajili, ofisi inayotajika na TIN, namba ya mlipakodi, na itoe risiti. Burudani za hadhara zina vibali vyake kutoka BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Mwandaaji wa kweli hakasiriki ukiuliza kibali.

Taarifa wanazokuomba nazo ni kipimo. Jina, simu na barua pepe vinaeleweka. Namba ya NIDA kwa ajili ya taarabu ya ufukweni haieleweki, labda waeleze sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawabana wakusanye kinachohitajika tu kwa kazi husika. Na nywila ya akaunti ya tiketi isifanane na ya barua pepe yako: hata Ticketmaster, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliingiliwa hifadhi yake ya taarifa za wateja, na kampuni mama yake, Live Nation, ilithibitisha hivyo Mei 2024. Namba ya siri ya pesa za simu haiombwi na jukwaa lolote, wala kwa simu wala kwa fomu. Inaandikwa kwenye kidirisha cha mtandao wako peke yake.

Mechi na kadi

Kwa mechi za Uwanja wa Benjamin Mkapa mfumo wa N-Card, kadi ya kielektroniki ya malipo, umeondoa shida moja kubwa, kwa kuwa tiketi inakaa kwenye namba ya kadi na hakuna picha ya kunakili. Unachagua mechi, unachagua eneo, mzunguko au VIP, unalipa, unagusisha kadi getini. Shida iliyobaki ni ya vidole: ukikosea tarakimu moja, unamnunulia mtu usiyemjua. Soma namba kwa mafungu ya tarakimu nne nne, kadi ikiwa mbele yako, wala usiitegemee uliyoandikiwa na shemeji kwenye meseji. Na usisubiri siku ya mechi ya watani, Simba na Yanga, kununua. Siku hiyo mifumo ya malipo na foleni ya barabara ya Mandela vyote vinakuwa na hali moja.

AFCON ya 2027 imepangwa kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda, na tovuti za kuiga zitakuja nayo. Anza kwenye tovuti ya CAF yenyewe, shirikisho la soka Afrika, andika anwani kwa mkono, ufuate kiungo cha tiketi kutoka hapo. Ukikutana na Viagogo au StubHub, elewa kwamba hizo ni sehemu za watu kuuza tena tiketi walizo nazo, bei anaipanga muuzaji, na mara nyingine mwandaaji huzikataa tiketi za namna hiyo.

Tiketi ikishaingia kwenye simu

Usiiweke status. Najua furaha yake, lakini msimbo wa QR umetengenezwa ili usomeke hata ukichubuka: katika kiwango chake cha juu unavumilia kuharibika kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo kidole ulichoweka juu ya kona, au kibonzo ulichobandika katikati, huenda hakijauficha. Atakayeuchukua akiwahi getini, wewe ndiye utakayeambiwa "imeshatumika". Majukwaa mengine, kama Ticketmaster kwa baadhi ya matukio, yanatumia msimbo unaojibadilisha kila baada ya sekunde chache ndani ya programu. Hapo picha ya skrini haina kazi, na ukiuziwa picha ya skrini ya tiketi ya aina hiyo umenunua hewa.

Kuna mahali ambapo tiketi huvuja na hakuna anayepashuku: steshenari. Unataka kuprinti, unamtumia kijana wa pale faili kwa WhatsApp, anafungua kwenye kompyuta, anaprinti, unamlipa, unaondoka. Faili limebaki kwenye simu yake, kwenye folda ya kupakuliwa ya kompyuta, na kompyuta hiyo inatumiwa na kila anayeingia. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Anayekaa baada yake humjui. Mwombe afute mbele yako, kwenye kompyuta na kwenye pipa lake la taka, kisha wewe kwenye simu yako ifute ile meseji kwa wote. Hachukii, ameshazoea kuombwa hivyo kwa vyeti.

Karatasi ina faida yake, lakini. Simu huzima chaji njiani kutoka Bagamoyo, na nje ya uwanja mtandao unajaa mpaka ukurasa haufunguki. Ukibaki na simu, hifadhi tiketi ndani yake kabla ya safari, usitegemee kuifungua kutoka kwenye barua pepe. Ongeza mwanga wa kioo. Kama simu imewekwa mandhari ya giza inayogeuza rangi, irudishe, kwa sababu mashine nyingi hazisomi msimbo wenye vimraba vyeupe juu ya weusi. Kioo kilichopasuka katikati ya msimbo, isogeze picha upande mzima.

Na wahi. Mashine za getini hufanya kazi kwa njia mbili: zinauliza orodha kwa mtandao kila tiketi inaposomwa, au zimepakua orodha asubuhi na zinajitegemea. Zikiwa zinajitegemea, geti A halijui kilichopita geti B mpaka mtandao uziunganishe, na hapo nakala ya tiketi yako inaweza kupita kwa wengine bila wewe kujua. Mwenye tiketi halali aliyefika mapema ana nafasi ya kusikilizwa. Mwandaaji anatafuta jina na namba ya muamala, anamwingiza. Saa tano usiku, foleni ikisukumana, hakuna atakayetafuta jina la mtu. Beba kitambulisho pia, hasa kwa matamasha yenye bei ya Watanzania na bei ya wageni.

Kununua kwa mtu

Tukio likijaa, tiketi za mkononi zinaanza kuzunguka na walanguzi nao. Kama jukwaa lina sehemu ya kuhamisha tiketi, itumie: namba ya zamani inafutwa kwenye orodha, inatolewa mpya kwa jina lako. Bila hiyo muuzaji anaweza kubaki na nakala, au akaiuza kwa watu watano. Kama hakuna kuhamisha, njia inayokubalika ni moja. Mkutane getini, mashine isome, ikikubali ndipo umlipe palepale. Muuzaji wa kweli ambaye rafiki yake ameshindwa kuja hatapata hasara kwa mpango huo. Anayesema "tuma nusu kwanza nikushikie" usimtumie hata kumi. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, meseji ya "umepokea" isome imetoka wapi: ya kweli inatoka kwa jina la huduma, ya bandia inatoka kwenye namba ya kawaida, na salio lako halijasogea.

Umeshapigwa

Dakika za mwanzo ndizo zenye hela. Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia, toa namba ya muamala, waombe waizuie. Ikiwa hela bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, kuna nafasi. Akishaitoa kwa wakala, imekwenda. Ndiyo maana matapeli hutoa ndani ya dakika chache, na ndiyo maana kukaa ukimbembeleza kwenye WhatsApp ni kumpa muda. Usimtukane wala usimwambie umeshamjua. Piga picha ya skrini ya mazungumzo yote, bango, namba na jina lililotokea wakati wa kulipa, kabla hajafuta.

Namba ya tapeli ipeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kisha nenda kituo cha polisi, fungua jalada, uondoke na RB, namba ya taarifa yako polisi. Bila RB mtandao wa simu mara nyingi hautaendelea na ufuatiliaji, hata shauri lako likiwa wazi kiasi gani. Utapeli wa aina hii uko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni "madai tu, mkamalizane". Kama aliyekukosea ni kampuni inayojulikana, iliyofuta tukio na kugoma kurudisha hela, malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani. Andika barua yenye tarehe, kiasi, namba ya muamala na nakala ya masharti kama yalivyosomeka siku uliyonunua. Masharti hayo yapige picha siku ya kununua, kwa sababu ukurasa wa tovuti hubadilishwa kwa dakika moja, na wa kwanza kuubadilisha atakuwa yule unayemdai.